Radoni Tanga: nyumba ipi ipimwe?

Binamu yangu anayeishi Pennsylvania anajenga nyumba Raskazone, Tanga. Siku mbili kabla ya kumwaga jamvi la zege alituma ujumbe: "Mmepima radoni?" Fundi akauliza kama hao ni mchwa wa aina gani. Nilicheka, lakini swali lenyewe si la kuchekwa.

Radoni ni gesi isiyo na rangi wala harufu, itokanayo na urani, madini yenye mionzi, iliyomo kidogo kidogo karibu katika kila udongo na mwamba. Hupenya kwenye nyufa za sakafu, na ikikosa pa kutokea hujikusanya ndani. Tangu 1988 imo kwenye orodha ya visababishi vya saratani vilivyothibitishwa, na Marekani inakadiria kuwa huko inaua watu wapatao 21,000 kwa mwaka kwa saratani ya mapafu. Watu wa Pennsylvania wana kisa chao pia. Mwaka 1984 Stanley Watras, mfanyakazi wa mtambo wa nyuklia uliokuwa bado unajengwa, alikuwa akipita kwenye mashine ya kukagua mionzi, kengele zinalia. Kumbe mionzi hiyo ilitokana na radoni ya nyumbani kwake, si kazini.

Kwa hiyo binamu hana wasiwasi wa bure. Ila nyumba za kwao zina chumba chini ya ardhi, na wakati wa baridi hufungwa miezi kadhaa. Nyumba ya zamani ya Ngamiani ina madirisha ya nyavu, uwazi kati ya ukuta na bati, na mlango unaoshinda wazi tangu alfajiri. Upepo wa kusi ukivuma, gesi itakaa wapi? Tena vipimo vya siku chache vinataka madirisha na milango ifungwe kwa muda wa saa kumi na mbili kabla ya kipimo kuanza, na iendelee kufungwa hadi mwisho. Mwambie bibi wa Makorora afanye hivyo Februari, uone atakavyokujibu. Hata akikubali, utakuwa umepima nyumba ambayo haipo, kwa sababu hakuna anayeishi hivyo.

Kuna hoja nyingine dhidi ya kupima, nayo ni nzito zaidi: moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, hasa ya kuni, mkaa na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mama anayepikia mkaa kwenye kijichumba kisicho na dirisha hahitaji kipimo cha radoni, anahitaji jiko jingine. Na mvutaji sigara aliye kwenye radoni yuko hatarini takriban mara 25 kuliko asiyevuta, hivyo kuacha sigara kutamsaidia kuliko kifaa chochote.

Hapo ndipo wengi hufunga mjadala, nami hapo ndipo ninapoachana nao. Nyumba tunazojenga sasa si za Ngamiani. Ni madirisha ya alumini, dari ya jipsamu, kiyoyozi kinachowaka usiku kucha huku mlango umefungwa ili baridi isitoke. Tumeiga nyumba ya binamu, tukaacha tu chumba cha chini ya ardhi. Halafu kuna Kiomoni na Amboni, penye mapango ya mwamba wa chokaa. Mwamba wa chokaa kwa kawaida hauna urani nyingi, lakini umejaa matundu na mipasuko, na gesi hupita humo kirahisi. Mapango ya aina hiyo hukusanya radoni. Mtalii huingia Amboni akatoka baada ya muda mfupi. Mwongozaji hurudi humo kila siku. Ningekuwa na vifaa vichache, ningeanzia kwake, kisha vyumba vyenye viyoyozi ambavyo sakafu yake imekaa juu ya ardhi.

Wala si lazima kumfungia mtu madirisha. Kuna vifaa vidogo vya plastiki vinavyoachwa chumbani miezi mitatu au zaidi, watu wakiishi kama kawaida, ndipo vinapelekwa maabara. Shirika la Afya Duniani linataka kiwango cha radoni kisizidi bekereli (kizio cha kupimia mionzi) 100 kwa mita ya ujazo, na palipo pagumu kisipite 300. Tume ya Nguvu za Atomu ndiyo yenye dhamana ya mambo ya mionzi nchini. Sampuli ya nyumba kadhaa za kila aina ingefaa kuliko kumtaka kila mwenye nyumba ajinunulie kifaa.

Kwa Raskazone tuliamua hivi: hatukupima. Kipimo cha kiwanja kabla ya nyumba kusimama hakisemi mengi kuhusu hewa ya ndani baadaye. Tukatandaza kokoto, tukapitisha bomba la inchi nne kutoka humo hadi juu ya bati ili gesi itokee huko, nailoni nzito juu ya kokoto, ndipo zege. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kuvunja sakafu. Vipimo vitafuata viyoyozi vikishafungwa na watu wakihamia. Fundi bado haamini kuwa bomba linaweza kutoa hewa tupu, na fundi bomba ameshauliza mara mbili aunganishe choo kipi, hivyo tumeliandika kwa rangi nyekundu: SI LA CHOO.