Usijaze pengo kwa wastani

Sensa ya mwisho ya nchi yetu, Kongo (DRC), ni ya 1984. Kwa hiyo mengi tunayosema juu ya maisha ya Goma yanatoka kwenye tafiti za sampuli: kaya zinaulizwa leo, kisha zilezile zinarudiwa miezi kadhaa baadaye. Hapo katikati mambo hutokea. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka. Siku tano baadaye kartie (mitaa) 10 za Goma ziliamriwa kuhama. Wengine Sake, wengine Gisenyi, wengine boti hadi Bukavu. Nenda basi ukabishe hodi.

Pengo lenyewe, yaani kaya zisizopatikana tena, halinikeri. Inanikera dawa yake: kuandika wastani wa waliojibu mahali pa waliokosekana. Chukua kaya 200 zilizoulizwa pesa ya maji kwa wiki, 60 zisijibu. Ukizijaza zote hivyo, wastani hausogei hata kidogo, lakini mtawanyiko (variance), yaani kipimo cha jinsi kaya zinavyopishana, unashuka hadi kama asilimia 70 ya ule wa waliojibu. Umezaa kaya 60 mapacha.

Na hao waliojibu nao hawapishani kama mji unavyopishana. Mwenye kibanda cha Katindo utamkuta kila mara. Utakayemkosa ni mama anayevuka mpaka wa Petite Barrière kwenda Gisenyi, Rwanda, asubuhi na mapema, au familia iliyokwisha kuhama, na upande wa pili kabisa tajiri wa Himbi ambaye mlinzi wake hana jibu jingine: "Patron hayuko." Ncha zote mbili zinakatika. Wastani unaweza kubaki mzuri tu, ndiyo maana hakuna anayeshtuka.

Awamu ya kwanza inasaidia, maana wakati ule walijibu. Tazama waliopotea baadaye walipishana kiasi gani kuliko waliobaki. Unaweza hata kukisia jibu la pili kutokana na la kwanza, mradi uongeze tofauti za nasibu na urudie mara kadhaa, kama mwanatakwimu Donald Rubin alivyoeleza katika kitabu chake cha 1987. Bila hizo, makisio nayo yanabana mtawanyiko. Ila volkano ikipita katikati, jibu la Aprili linasema machache juu ya Juni.

Mimi naamini zaidi njia ya wanatakwimu Hansen na Hurwitz ya 1946. Kati ya wale 60, chagua 20 kwa bahati nasibu, uwafuate hadi walipo. Kila mmoja anahesabiwa kwa watatu. Kosa la sampuli linaongezeka kidogo, lakini hilo linapimika. Wafadhili husema hakuna pesa ya teksi-moto na siku za ziada, huku wakidai kaya 400. Heri 150 zenye pesa ya kurudi. Na kwenye jedwali la wastani, pembeni yake, watafiti waandike mtawanyiko na idadi ya waliokosekana kila awamu, hata kama ni aibu.