Utatu na Tauhidi: Ugomvi Usio wa Hesabu

Wakristo wanakiri Utatu, Mungu mmoja aliye Baba, Mwana na Roho Mtakatifu; Waislamu wanashika Tauhidi, umoja wa Mungu asiye na mshirika. Mijadala yao mingi kuhusu Utatu huishia kwenye hesabu. Mwislamu anajumlisha moja na moja na moja, kisha anauliza jibu linakuwaje moja. Mkristo, asikubali kushindwa, anageuza kujumlisha kuwa kuzidisha: moja mara moja mara moja ni moja. Watu wanashangilia, kila upande unaondoka ukijiona mshindi, na hakuna aliyejifunza lolote juu ya Mungu.

Hesabu hiyo wanazuoni wa dini zote mbili waliikataa zamani. Katika Al-Fiqh al-Akbar, matini ya itikadi inayonasibishwa na Imamu Abu Hanifa, imeandikwa kwamba Mwenyezi Mungu ni mmoja, si kwa njia ya idadi, bali kwa kuwa hana mshirika. Basili wa Kaisaria, askofu wa karne ya 4, naye alifundisha kwamba Wakristo hawamhesabu Mungu kwa kujumlisha, kutoka mmoja kwenda kwa wengi. Mantiki yao inakaribiana: kinachohesabika ni kile ambacho kingeweza kuwa na mwenzake wa aina yake, na Mungu hana aina anayoshirikiana na chochote. Ikiwa hivyo ndivyo, mvutano wenyewe uko wapi?

Tuanze na yale ambayo kila upande unapaswa kuyakubali hata kama yanauma. Mkristo akubali kwamba hakuna aya ya Biblia isemayo waziwazi "Mungu mmoja katika nafsi tatu". Maneno ya 1 Yohana 5:7 juu ya mashahidi watatu wa mbinguni, yaliyotegemewa kwa karne nyingi, hayamo katika nakala kongwe za Kigiriki. Erasmus, mwanazuoni aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki, aliyaacha katika matoleo yake ya mwaka 1516 na 1519, akayaingiza mwaka 1522. Istilahi zenyewe zilipatikana kwa mabishano makali. Mwaka 325, Mtaguso wa Nikea, mkutano wa maaskofu, ulimkataa Arius, kasisi aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa, na ukakiri kuwa Mwana ni wa asili moja na Baba. Mafundisho juu ya Roho Mtakatifu yalikamilishwa Konstantinopoli mwaka 381. Mwislamu anapouliza kwa nini jambo kubwa namna hii lilihitaji karne tatu na mikutano ya maaskofu, anauliza swali la haki, na kulijibu kwa neno "fumbo" peke yake ni kumkwepa.

Jibu lenye uzito lipo, ila linahitaji subira. Wafuasi wa kwanza wa Yesu walikuwa Wayahudi waliokiri kila siku "Sikia, Israeli, Bwana Mungu wetu ni Bwana mmoja", maneno ambayo Yesu mwenyewe anayaita amri ya kwanza katika Marko 12:29. Watu hao hao walianza kumwita Yesu Bwana na kubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na Mathayo 28:19 inataja jina, siyo majina. Miaka ishirini na ushei tu baada ya Yesu, Paulo anaandika katika 1 Wakorintho 8:6 kwamba Mungu ni mmoja, Baba, na Bwana ni mmoja, Yesu Kristo. Ni ile "Sikia, Israeli" ikiwa imefunguliwa na jina la pili kuwekwa ndani yake. Kwa hiyo Nikea haikubuni ibada. Iliikuta, ikatafuta maneno ya kuieleza. Je, ibada hiyo ilikuwa sahihi tangu mwanzo? Hilo ndilo swali, nalo ni zito kuliko porojo kwamba Konstantino, mfalme wa Roma aliyeuitisha mtaguso huo, ndiye aliyebuni dini.

Upande wa pili una lake la kukubali. Mkristo akisoma Kurani 5:116, ambapo Isa anaulizwa kama aliwaambia watu wamfanye yeye na mama yake kuwa miungu wawili badala ya Allah, anashangaa: hakuna kanisa linalomweka Mariamu ndani ya Utatu. Wapo Waislamu wanaosisitiza kwamba hiyo ndiyo imani ya jirani yao hata baada ya kuambiwa sivyo. Hapo si haki. Jibu bora ni kwamba aya hiyo inazungumzia nani anaelekezewa ibada, haitoi ufafanuzi wa Utatu.

Suratul Ikhlas nayo inasema Allah hakuzaa wala hakuzaliwa. Inavutia kwamba Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulitamka kuwa asili ya Mungu haizai, haizaliwi wala haitokezwi. Ukiyasoma maneno hayo bila kuambiwa yametoka wapi, unaweza kudhani ni tafsiri ya sura hiyo. Lakini tusikimbilie kukumbatiana. Laterano ilimaanisha kwamba anayezaa ni Baba, si ile asili inayomilikiwa na wote watatu. Mwislamu atasema tofauti hiyo hiyo, kati ya asili na nafsi, ndiyo asiyoikubali. Kinachokanushwa na wote kwa sauti moja ni mungu mwenye mke na mtoto wa kimwili.

Lugha yetu nayo inachangia mkorogano. Tunasema "nafsi tatu", na nafsi kwetu ni mtu mwenyewe, roho yake, hamu yake. Anayesikia nafsi tatu anasikia watu watatu. Wakristo wa Kiarabu walitumia neno jingine, uknum, kutoka Kisiria, kwa sababu walihitaji neno lisilo na mzigo huo. Neno "mwana" lina bahati zaidi: tuna mwananchi na mwanasheria, na hakuna anayedhani sheria ilijifungua. Hata Kurani inamwita msafiri "mwana wa njia", ibn as-sabil. Hata hivyo Mkristo asijifiche hapo. Anapomwita Yesu Mwana wa Mungu anamaanisha zaidi ya sitiari. Mifano ya maji, barafu na mvuke pia ingefaa iachwe. Inaonyesha Mungu mmoja anayebadili sura, na mafundisho hayo, yale ya Sabellius, kanisa lenyewe liliyahukumu kuwa uzushi.

Sehemu inayonivutia kuliko zote ni Baghdad ya enzi za makhalifa wa Abbasi, kwa sababu huko swali liligeuka na kumrudia aliyeuliza. Waislamu walijadili kwa ukali: ikiwa Allah ana elimu, uwezo na maneno, na sifa hizo ni za milele, je, hatujaweka vitu vingi vya milele? Muutazila, kundi la wanazuoni walioipa akili nafasi kubwa, walisema ndiyo, kwa hiyo wakakana kuwa sifa zina uwepo wake mbali na dhati, yaani Mungu mwenyewe, wakafundisha kuwa Kurani imeumbwa. Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun aliamuru wanazuoni wahojiwe juu ya hilo, na katika barua yake akawafananisha wenye kusema Kurani haikuumbwa na Wakristo wanaosema Isa hakuumbwa kwa kuwa ni Neno la Mungu. Mwanazuoni Ahmad ibn Hanbal alifungwa na kuchapwa viboko kwa kukataa kukubali kuwa Kurani imeumbwa. Baadaye Maashaira, wanazuoni wa Kisunni waliowapinga Muutazila, walitoa kauli ambayo imedumu: sifa za Allah si Yeye, wala si kitu kingine mbali Naye.

Wanateolojia Wakristo walioandika kwa Kiarabu, kama Ammar al-Basri katika karne ya 9, waliidaka fursa hiyo. Walisema: kama mnakubali umoja wenye sifa za milele, na Kurani 4:171 inamwita Isa Neno la Allah na roho itokayo Kwake, mbona mnatushangaa?

Hoja hiyo ina nguvu, lakini haifiki mwisho wa safari. Inathibitisha kwamba umoja wa Mungu hata ndani ya Uislamu si jambo jepesi kama wanavyodai wahubiri. Haithibitishi Utatu. Elimu ya Allah haiuambii uwezo Wake "wewe". Hakuna anayeisujudia sifa moja na kuiacha nyingine. Mwana, kwa upande mwingine, anamwambia Baba "wewe", anampenda, anatumwa naye. Kwangu mimi hili ndilo pingamizi la Kiislamu lenye nguvu kuliko yote, na mifano inayotumiwa kuueleza Utatu, kama ule wa jua na miali yake, haiwezi kulijibu.

Mkristo anayejibu vizuri hazungumzii tena sifa, anazungumzia upendo. Yohana anaandika kwamba Mungu ni upendo. Kama ni hivyo tangu milele, alimpenda nani kabla ya viumbe? Mwanateolojia Richard wa Mtakatifu Viktori, katika karne ya 12, alijenga hoja yake hapo: upendo mkamilifu unahitaji mpendwa na wa tatu wa kushiriki. Naiona hoja nzuri, lakini Mwislamu hashindwi kirahisi. Allah ni al-Wadud, Mwenye upendo, na pia ni as-Samad, ambaye wote wanamhitaji Naye hahitaji. Kusema upendo Wake usingekamilika bila mpendwa, atasema, ni kumpima kwa kipimo chetu sisi wenye upweke. Hapa sioni upande uliomaliza mwenzake. Kila mmoja anaanza na picha tofauti ya ukamilifu: mmoja anauona katika kutohitaji, mwingine katika kujitoa.

Picha hizo mbili zinakutana uso kwa uso kwa Yesu mwenyewe. Kurani 5:75 inatoa ushahidi mfupi kwamba yeye na mama yake walikuwa binadamu: walikuwa wakila chakula. Anayekula ana njaa, na mwenye njaa si Mungu. Mkristo anausoma ukweli ule ule, njaa ile ile, kisha anafungua Wafilipi 2 na kusema huo ndio utukufu wake, kwamba alitwaa namna ya mtumwa. Halafu kuna usiku wa Gethsemane. Yesu anaanguka kifudifudi na kuomba: "si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe." Mwislamu anamwona mja aliyejisalimisha kwa Mola wake, kichwa kikiwa chini ardhini kama chake anaposali. Mkristo anamwona Mwana akimtii Baba, ndani ya mwili uliochoka na kuogopa.