Bendera mbili katika nyumba moja

Nimezaliwa Musoma, nimeolewa Kisumu. Ziwa ni lile lile. Kilichobadilika ni bendera.

Utotoni, saa 12 jioni filimbi ililia pale kituo cha polisi na kila mtu akasimama, hata mwenye ndoo ya maji kichwani. Maji yanamchuruzikia shingoni, hasogei mpaka bendera ishuke na kukunjwa. Sisi watoto hatukuwahi kuigusa. Kuipenda nchi, kwetu, kulikuwa kusimama wima na kunyamaza.

Kenya nako watu husimama filimbi ikilia. Lakini Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, niliwaona vijana wa Kondele, hapa Kisumu, wameifunga bendera mabegani kama kanga, wengine kichwani kama kilemba. Mmoja aliketi kwenye ngazi ya duka, macho mekundu kwa gesi ya machozi. Akaimwagia maji ncha ya bendera yake, akaikamua, akajifuta uso. Nilishtuka, nikataka kumkemea. Jirani yangu muuza mboga akanishika mkono: "Wacha, dada. Hiyo ni yake."

Neno hilo sijalisahau. Mswada Rais alikataa kuutia saini tarehe 26 mwezi huo, lakini vijana walikuwa wameshauawa. Nikisikia mtu akisema kuivaa bendera ni kuidharau, nakataa kabisa. Ule wekundu tunafundishwa kuwa ni damu ya waliopigania uhuru. Nani basi mwenye haki zaidi ya kujifunika nao kuliko anayesimama barabarani kudai nchi yake?

Yangu mimi iko sandukuni, chini ya vitenge. Huitoa kila tarehe 9 Desemba, na siku tatu baadaye mume wangu hutundika ya kwao kwa Jamhuri. Mwaka juzi mwanangu aliuliza huu ubluu ni nini. Nikamwambia ni maji: bahari, mito, na ziwa hili analoliona Dunga. Akafikiri. "Na sisi tuna ziwa, mama. Mbona yetu haina bluu?" Sikuwa na jibu. Nilichosikia zaidi ni lile neno "yetu".

Liliniuma kidogo, nakiri. Halafu nikawakumbuka ndugu za mume wangu walioko Rorya, ng'ambo ya Sirari. Ni Wajaluo, lugha ni moja na ya huku, nao ukiwagusa Taifa Stars, timu ya soka ya Tanzania, watakugombeza mpaka jua lizame. Hakuna aliyewaambia wachague kati ya lugha ya mama na nchi. Kwa nini nimlazimishe mtoto wangu?

Tarehe 22 Agosti 2025, robo fainali za CHAN, kombe la soka la Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani, tulikaa sebuleni na bendera zote mbili. Jioni Harambee Stars wakatolewa na Madagascar kwa penalti. Mume wangu akanyamaza kama aliyefiwa. Usiku, Dar es Salaam, Morocco wakatufunga bao 1-0. Zamu yangu ikawa hiyo, naye akaniletea chai bila kusema neno.

Mtoto alikuwa ameshasinzia kwenye kochi. Usiku ulikuwa na baridi ya ziwani, nikamfunika kwa iliyokuwa karibu. Ilikuwa ya baba yake. Miguu ikabaki nje, nikaongeza ya kwangu.