Jina la Mtunzi Litajwe

Wiki iliyopita asubuhi nilikuwa namvisha bibi mmoja ninayemhudumia hapa Berlin zile soksi za kubana za watu wa miguu ya kuvimba. Redio ilikuwa dirishani. Ikapigwa simfoni moja nzito, yaani muziki mrefu wa okestra, ngoma kubwa zikinguruma chini na violini zikizijibu juu. Ilipokwisha, mtangazaji hakukimbilia matangazo ya biashara. Alitamka taratibu: mtunzi ni Emilie Mayer, mzaliwa wa Friedland, 1812. Akataja ni simfoni ya ngapi, okestra gani imepiga na nani aliiongoza. Bibi akanitazama. Ana zaidi ya miaka 80, muziki huu kausikiliza maisha yake yote, na jina lile hakuwahi kulisikia.

Mimi kilichonishika ni kule kutajwa. Kwetu wimbo utapigwa arusini, redioni, kwenye matatu, na ukiuliza ni wa nani utatajiwa mwimbaji, au kikundi, au mwenye spika. Yule aliyekesha na kalamu akipima mizani hayumo. Tena akiwa ni mwanamke ndio kabisa, wimbo unageuka kuwa "wa zamani" na mambo yanaishia hapo.

Nikaanza kumtafuta huyo Emilie. Babake alikuwa na duka la dawa huko Mecklenburg, mamake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Mwaka 1840 babake akajiua. Emilie alikuwa na miaka 28, hana mume, ana urithi mkononi. Alifunga safari hadi Stettin, mji ambao leo uko Poland, akasomeshwa utunzi na mtunzi Carl Loewe. Mwaka 1847 akahamia Berlin kuendelea na masomo. Na tarehe 21 Aprili 1850, kwenye ukumbi wa kifalme pale uwanja wa Gendarmenmarkt, zikapigwa kazi zake jioni nzima, zake peke yake. Malkia Elisabeth wa Prussia alimpa nishani ya dhahabu. Simfoni 8 alitunga, mbali na ovacha (muziki wa kufungulia onyesho), sonata (muziki wa ala moja au mbili) na nyimbo. Kuchapisha na kuandaa maonyesho, mara nyingi alitoa pesa zake mwenyewe. Na mikono ile ile ilikuwa ikifinyanga sanamu kwa mkate! Niliposoma hapo nilicheka kwa furaha, kwa kuwa namjua mtu wa aina hiyo.

Shangazi yangu pale Mombasa alikuwa akikanda unga wa mahamri huku anatunga. Mkono unasukuma, mdomo unahesabu, na akipata ubeti anafuta vidole kwenye leso na kuandika kwenye daftari lililoegemezwa mkebe wa iliki. Arusi ngapi za mtaani zilichezwa vugo, ngoma ya wanawake ya arusini, kwa maneno yake, hakuna aliyehesabu. Alipofariki, daftari zile zilikaa chini ya kitanda miezi kadhaa, kisha mtu akazigawa kwa mwenye karanga. Kuna jioni nilinunua karanga za shilingi 10, nikakunjua karatasi, nikakuta mwandiko wake. Ubeti ulikuwa umechanika katikati, wino umelowa mafuta. Sijasahau na sitasahau.

Karatasi za Emilie ziko hapa Berlin, kwenye maktaba kuu ya serikali, kwa mkono wake mwenyewe. Zimepita vita viwili. Mtu akitaka kuzipiga leo, anakwenda anazikuta.

Nishawasikia wengine. "Miaka sita tu Ujerumani, tayari anatusomea." "Mwambieni arudi akatunze hizo daftari." "Wazungu wametufanya nini, leo ndio mfano wetu?" Ndugu zangu, sijasema Mjerumani ni bora kuliko sisi. Mimi hapa nasukuma viti vya magurudumu, najua vizuri nyumba hizi zina upweke gani. Kuna wazee wanaokufa na watoto wao wako mtaa wa pili. Shangazi yangu alifariki chumba kimejaa watu, wanamsomea, wanampangusa uso. Kwa hilo sibadilishani na mtu. Ninachosema ni kimoja tu: daftari.

Na kama ni kuwasema, nao nawasema. Emilie alifariki 1883 na wakamsahau karibu miaka 100, karatasi zikiwa salama kabatini. Simfoni yake ya nne, nota za okestra zilipotea, ikabaki nakala ya piano ya watu wawili tu, na imebidi siku hizi mtu aijenge upya kutoka hapo. Halafu leo wanamwita "Beethoven wa kike", kwa jina la mtunzi mashuhuri wa Kijerumani. Jina hilo silipendi hata kidogo. Mwanamke katunga simfoni 8, bado aazimwe jina la mwanamume? Alizikwa Kreuzberg, mtaa wa hapa Berlin, makaburi yale yale ya mtunzi Felix Mendelssohn na dadake Fanny. Huyo Fanny nyimbo zake kadhaa zilichapishwa kwa jina la kakake, mpaka mwaka 1842 Malkia Victoria wa Uingereza akauimba mmoja mbele ya Felix akidhani ni wa huyo Felix, na Felix akalazimika kukiri kwamba ni wa dadake. Kwa hiyo msiniambie nimepofushwa na Ulaya.

Mwengine ataniuliza, na Siti binti Saad je? Si tunamtaja? Tunamtaja, na najivunia mpaka machozi. Mwanamke wa Fumba, Unguja, mfinyanzi, akapanda meli hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili. Lakini tunamjua kiasi hiki kwa sababu sauti yake ilinaswa kwenye santuri, na kwa sababu Shaaban Robert alikaa chini akaandika maisha yake. Mtu alishika kalamu! Wale waliotunga kando yake, waliomjibu, waliomfunza ubeti, wako wapi?

Tena kuna jambo ambalo Berlin hawana. Nyimbo za Emilie zilikuwa na karatasi zikakosa midomo. Za shangazi zimekosa karatasi, lakini ukienda arusini mtaa wa Kibokoni, Mombasa, leo, utawasikia wasichana ambao hawakumwona wakiimba:

Mwana wetu mpokeni, mwekeni penye kivuli,
Tumemlea nyumbani, hakuujua ukali.

Huo ni wake. Nilikuwepo akiutunga, nilikuwa na miaka tisa, nachambua mchele. Hapo kwenye kivuli alianza na neno jengine, akalifuta, akaniuliza mimi mtoto kama hili linakaa vizuri zaidi. Jina lake nitaliandika hapa siku wanawe watakaponipa ruhusa, nimeshawaomba.

Jumamosi nilimpigia simu binti ami yangu. Kuna somo yake shangazi bado yu hai, amezeeka lakini kumbukumbu anayo, na nyimbo zile anazijua nyingi. Nimemwomba aende alasiri, asiende na simu peke yake, akae kitako aandike kila ubeti na chini yake aandike nani katunga. Nimetuma pesa za daftari la jalada gumu, na za kifuko cha plastiki cha kulitia, maana paa la nyumba ile linavuja.