Mtoto anayerudia maneno: je, kifaa kitamsaidia kusema?

Mtoto wa miaka mitano anaulizwa, “Unataka maji?” Anajibu, “Unataka maji?” Watu wanacheka na kumwita kasuku. Baadaye analia kwa kiu, na ndipo mama anapong'amua kwamba alikuwa ameomba.

Ekolalia, yaani kurudia maneno ya wengine, huonekana sana kwa watoto wenye usonji. Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto, alipoandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 aliowachunguza Marekani, aligundua kwamba kwao kulirudia swali ndiko kusema “ndiyo”. Hata hivyo, kwa miaka mingi baadaye juhudi zilikuwa za kuinyamazisha tabia hiyo. Mwaka 1981 wataalamu wa usemi na lugha Barry Prizant na Judith Duchan walionyesha kuwa mwangwi huo una kazi zake: kuna wa kuomba, kuna wa kushika zamu ya mazungumzo, kuna wa kujituliza.

Basi mtoto huyu apewe kishikwambi chenye programu ya kumtolea sauti, yaani akigonga kitufe kinasema kwa niaba yake? Wazazi wengi husita, wakihofia kwamba hata haya maneno machache atayaacha. Hofu hiyo naielewa, lakini tafiti haziiungi mkono. Mapitio ya mwaka 2006, katika tafiti zake zilizo imara zaidi zenye watu 27 wenye ulemavu wa ukuaji, hayakumkuta hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua; asilimia 89 waliongeza, ingawa kwa wengi nyongeza ilikuwa ndogo. Mwaka 2014 timu ya mtafiti wa usonji Connie Kasari ilifuatilia watoto 61 wenye usonji, na walioanza na kifaa tangu mwanzo walisonga mbele zaidi. Ila watoto hao walikuwa na maneno machache mno. Anayemwaga sentensi nzima alizozisikia kwenye katuni ni mtoto wa namna nyingine, na matokeo hayo hatuwezi kumvisha moja kwa moja.

Pingamizi lenye uzito zaidi kwangu ni hili: kitufe chenye sentensi kamili hakimpi mtoto mwangwi mwingine tu? Wanaopinga hutaka neno moja kwa kila kitufe, mtoto aunge mwenyewe. Kwa Kiingereza mpango huo unakwenda. Kwa Kiswahili, ukigonga “mimi”, “taka”, “maji”, umepata kauli ambayo haisemwi na mtu yeyote nyumbani. “Sitaki”, “nipe”, “amenipiga”: kila moja ni neno moja, na nafsi inayohusika imo humo humo. Na kosa la mtoto wetu liko katika silabi ya kwanza tu. Alisema “unataka” mahali pa “nataka”.

Kwa hiyo mimi ningeanza na vipande vizima, yaani sentensi fupi kamili, vilivyosemwa kwa nafsi ya mtoto. Mama anampa kikombe huku akigonga “Nataka maji”. Hamuulizi, wala hamlazimishi arudie. Kesho pembeni yake panakaa “Nataka chai”, kesho kutwa “Nataka kulala”, na “Sitaki” isikosekane kamwe. Mwanzo unabaki, mwisho unabadilika, na mtoto anaanza kuona mahali sentensi inapokatika.

Wapinzani wana haki katika jambo moja. Njia ya kutoka vipande hadi maneno, iliyoenezwa na kitabu cha mtaalamu wa usemi Marge Blanc cha mwaka 2012, bado haina ushahidi wa kutosha. Tena mtoto mwenye vipande tu hawezi kusema jambo ambalo mtu mzima hakulitarajia: jino linamuuma, au mtu fulani anamtisha. Maneno mojamoja ya mwili, watu na hisia lazima yawemo tangu wiki ya kwanza.

Halafu kuna suala la kifaa chenyewe. Katika nyumba nyingi simu kubwa ni moja, nayo ni ya baba. Akiondoka nayo asubuhi, sauti ya mtoto imeondoka. Mahali pengine hunyang'anywa kama adhabu, jambo ambalo ni sawa na kumziba mdomo. Vitufe vile vile vichorwe kwenye karatasi ngumu, vining'inizwe jikoni, na mama aseme kwa sauti yake kila mtoto anapogusa picha.