Eti Kigweno kitamchanganya mtoto

Desemba nilipanda Ugweno, kwetu huko milima ya Upare Kaskazini, kama kawaida, gari limejaa mchele na watoto. Siku ya pili nikamkuta bibi jikoni anamenya ndizi, binti yangu kakaa kando yake kwenye kigoda. Bibi anamsimulia kitu. Anaanza kwa Kigweno, lugha yetu ya huko, anakumbuka kitukuu haelewi, anageukia Kiswahili, anafika katikati neno linagoma. Akanyamaza, akashika ndizi nyingine. Mtoto akarudi kwenye simu.

Bibi wa watu anahitaji mkalimani jikoni kwake!

Jioni nikalileta kwa wakubwa. Shangazi yangu mmoja, tena mwalimu mstaafu, akanikata: "Baba, mtoto ukimchanganyia lugha atachelewa kuongea."

Haya. Shangazi huyohuyo anachangia ada ya wajukuu wake inglishi midiamu, hela ya kununua ng'ombe kila muhula. Watoto wanaimbishwa Kiingereza tangu chekechea, na mmoja kaanzishiwa Kifaransa. Hivyo havichanganyi, maana vina risiti. Kinachochanganya ni hiki cha bure, cha bibi. Na bibi mwenyewe ana Kigweno cha nyumbani, Chasu, yaani Kipare, cha kuelewana na majirani wa Usangi, na Kiswahili cha kanisani, na bado anakumbuka nani alikopa debe la mahindi mwaka 1974 hakurudisha. Kachanganyikiwa wapi?

Najua mtasema serikali. Ni kweli, shuleni lugha zetu hazina nafasi, na redioni ni Kiswahili au Kiingereza. Lakini Sera ya Utamaduni ya 1997 imetamka kwamba jamii zitaendelea kutumia na kujivunia lugha zao za asili. Hakuna mgambo aliyewahi kuingia jikoni kwetu kukamata mtu kwa kusema Kigweno. Tumejikamata wenyewe.

Kiswahili sina ugomvi nacho. Nimeoa Mnyakyusa; bila Kiswahili tungechumbiana kwa ishara.

Ila sisi tuko wachache mno kwa mzaha huu. Mtu akisikia Mpare, anajua Chasu basi. Hajui kuwa huku juu kuna lugha yenye undugu zaidi na Kichaga kuliko na Chasu. Ukoo wa Washana walifua chuma milima hii na kutawala, mpaka ukoo wa Wasuya walipowapindua. Maneno ya kazi ile, ya moto na mivukuto na nyundo, watoto wetu watamuuliza nani? Gugo?

Kesho yake nikaamua kuanza na mimi, maana nami nimekulia Moshi mjini na Kigweno changu ni cha kusalimia misibani. Nikasimama mlangoni pa jikoni, nikajipanga kichwani, nikamwomba bibi chumvi kwa Kigweno. Akanitazama. Akacheka mpaka akaweka kisu chini, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Kisha akaniletea maji.