Ruzuku ya umeme ianzie kwenye bodaboda, si kwenye gari la bosi

Juzi kwenye grupu letu la mtaa mtu alirusha picha ya gari la umeme likishushwa bandarini Dar. Chini yake aliweka hesabu ya kodi: ushuru wa forodha, VAT na tozo nyingine, mstari kwa mstari. Akamalizia kwamba Serikali ikifuta kodi hizo leo, miaka mitano ijayo hakuna mtu Dodoma atakayeulizia bei ya petroli. Watu wakamimina pongezi. Mimi nilikereka, na mpaka naandika hapa bado nimekereka.

Sikukereka kwa sababu kasema uongo. Ruzuku na misamaha ya kodi inauza magari ya umeme, na ushahidi upo. Norway walianza kuyasamehe kodi ya kuingizia nchini mwaka 1990. Mwaka 2001 wakayaondolea VAT. Wenye magari hayo wakapita barabara za tozo bila kulipa, wakaegesha bure, wakaruhusiwa kutumia njia za mabasi. Mwaka 2024, karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa kule yalikuwa ya umeme mtupu. Anayesema vivutio vya serikali havina kazi aanze kwa kutueleza Norway ilikuwaje.

Ila tuisome hadithi yao yote. Kwanza ni miaka zaidi ya thelathini, si mitano. Pili, gari la petroli kule lilibebeshwa kodi nzito kweli kweli, ndiyo maana la umeme likisamehewa bei zinakaribiana. Kusamehe upande mmoja kulifanya kazi kwa sababu upande wa pili ulibanwa. Na tatu, ambalo naliona kubwa kuliko yote, serikali zilikuja na kuondoka lakini ahadi ilibaki. Mnunuzi alijua kesho hatageukwa.

Ujerumani waligeukwa. Jumamosi ya tarehe 16 Desemba 2023 ilitangazwa kwamba maombi ya ruzuku ya kununua gari la umeme mwisho ni kesho yake. Mwezi mmoja kabla, Mahakama ya Katiba ilikuwa imebatilisha mpango wa serikali wa kuhamisha euro bilioni 60 kwenye bajeti, na ruzuku ikawa moja ya vitu vilivyokatwa. Mwaka uliofuata mauzo ya magari hayo yalishuka kwa zaidi ya robo. China nao waliondoa ruzuku ya ununuzi mwisho wa mwaka 2022, lakini mauzo yakaendelea kupanda, kwa sababu viwanda vyao vilikuwa vimeshakua, bei zimeshashuka, na msamaha wa kodi ya ununuzi waliubakiza. Kwa hiyo swali la kama ruzuku inafanya kazi lilishajibiwa. Swali letu ni inafanya kazi kwa nani, na itadumu mpaka lini.

Hapo kwenye "kwa nani" ndipo hasira yangu ilipo.

Futa kodi yote ya gari la umeme la magurudumu manne. Nani Dodoma atalinunua? Atalinunua mwenye nyumba yake Kisasa au Area D, yenye uzio, geti na mita yake ya LUKU, anayeweza kuchomeka gari usiku na kulala. Huyo leo anaendesha gari zuri la petroli, na kesho ataendesha zuri la umeme kwa msaada wa hazina yetu. Mwalimu aliyejibana akanunua IST iliyotumika kutoka Japani hatalifikia hilo gari hata likisamehewa kila senti. Na wengi wa majirani zangu hawana hata hiyo IST. Wanapanda daladala, bajaji na bodaboda. Msamaha ule unawapita wote hao kama upepo wa Agosti, wao wanabaki na vumbi.

Kuna kijana huwa ananibeba asubuhi kutoka Nkuhungu kuja mjini. Pikipiki si yake, yuko kwenye mkataba. Kwa wasioishi na bodaboda: bosi ananunua chombo, dereva anapeleka hesabu ya Sh10,000 kila siku, na baada ya mwaka na ushee, akiwa hajaumwa sana wala hajapata ajali, chombo kinakuwa chake. Siku moja tulisimama sheli akanionyesha daftari lake dogo, jalada limelainika kwa jasho la mfukoni. Kila ukurasa ana safu nne za kalamu ya bluu: hesabu, mafuta, oili, kula. Safu ya mafuta ilikuwa inaikaribia ya hesabu. Siku nyingine ile ya kula ilikuwa tupu kabisa. Anaandika kistari tu, anasonga mbele.

Nikamuuliza kwa nini hatafuti ya umeme. Hakufikiri hata kidogo. "Dada, bosi hanunui kitu ambacho hajui atamuuzia nani kikichakaa. Na betri ikifa katikati ya mkataba, hasara ni ya nani, yake au yangu?"

Nimehudhuria semina za nishati safi hapa mjini zilizokaa siku nzima bila mtu yeyote kusema sentensi nzito kama hiyo. Tatizo lote liko pale. Kijana yule hana haja ya kuelimishwa kuhusu umeme. Hesabu anaijua kuliko sisi. Siku nzuri anatembea kilomita mia moja. Kwa petroli hizo ni lita mbili, mbili na nusu, na lita tuiweke Sh3,000, mwezi mmoja juu, mwezi mwingine chini, tunasubiri EWURA, wanaodhibiti bei za mafuta na umeme, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Hiyo ni Sh6,000 mpaka Sh7,500 kwa siku. Pikipiki ya umeme kwa mwendo huohuo inakula uniti tatu au nne. Hata kwa bei ya kawaida ya Sh292 kwa uniti, ukiongeza kodi na tozo zake, haifiki Sh1,500. Kwa mwezi anaokoa zaidi ya Sh100,000. Kwa mtu anayeacha safu ya kula ikiwa tupu, hiyo ni ada ya mtoto na mlo wa mchana.

Sasa kama faida ni kubwa hivyo, kwa nini bodaboda wote hawajahama? Kwa sababu gharama yote ya umeme imerundikwa mbele, kwenye betri, na hofu yote imerundikwa kwa mtu mnyonge kuliko wote kwenye mkataba. Bosi anaogopa, mkopeshaji anaogopa, dereva anabaki na Boxer yake ya petroli. Ruzuku inatakiwa iingie hapo hapo na si pengine popote. Serikali ichukue hasara ya betri. Idhamini betri kwa wakopeshaji, ili ikifa kabla ya muda wake mkataba usimlemee kijana. Isaidie vituo vya kubadilishia betri, ambako dereva anaacha iliyoisha, anachukua iliyojaa, analipia umeme aliotumia na kuondoka, na betri inabaki mali ya kampuni. Kigali na Nairobi wanafanya hivyo sasa hivi, haya si mambo ya kufikirika. Rwanda walisamehe kodi za vyombo vya umeme mwaka 2021, na kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali lazima ziwe za umeme. Walianza na pikipiki kwa sababu waliangalia nani yuko barabarani kutwa.

Nawasikia wanaosema dereva achaji nyumbani tu. Nyumbani wapi? Vijana hawa wamepanga chumba kimoja Chang'ombe, Chadulu, Nkuhungu, kwenye nyumba ya wapangaji sita yenye mita moja ya LUKU. Aliyewahi kuishi nyumba ya hivyo anajua vita vyake. Mwenye friji anachangishwa zaidi, mwenye pasi ananuniwa, jagi la kuchemshia maji linapigwa marufuku, na mwenye duka la mbele anashtakiwa kwa baba mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi. Ingiza pikipiki inayokula uniti nne kila usiku uone. Na hata mwenye mita yake peke yake ana mtego wake. Nyumba inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi inauziwa umeme kwa Sh100 kabla ya kodi, na ikizoea kuzidi inapandishwa kwenye ile Sh292. Uniti nne kwa siku 26 ni uniti 104. Yaani familia masikini ikithubutu kuchaji chombo cha kazi, inapoteza nafuu ya umeme wa taa na redio pia. Sheria ile iliwekwa kwa nia njema, kumlinda mwenye kipato kidogo, lakini ilipowekwa hakuna aliyemfikiria bodaboda wa umeme. Sasa afikiriwe. Kenya mwaka 2023 waliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya moto, na saa zisizo na msongamano bei ni nusu. TANESCO na EWURA wanaweza kukaa meza moja na kufanya hivyohivyo bila kumsubiri mfadhili. Umeme tunao. Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina megawati 2,115, na usiku wa manane mitambo haina wa kumlisha kama saa mbili jioni.

Kukatikakatika, ndiyo, kupo. Nguzo ikilala kwa upepo Ipagala tunakaa gizani hata bwawa likiwa limefurika. Kituo cha kubadilishia betri chenye akiba kinavumilia saa hizo kuliko nyumba ya mtu.

Tena sisi wa Dodoma tuna sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengine, kwa sababu chombo kikubwa kuliko vyote cha umeme nchini kinafika hapa kwetu kila siku. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma Julai 2024, nani alipanda kwa sababu inatumia umeme? Watu walitazama nauli, Sh31,000 daraja la kawaida, wakatazama saa za kufika, wakahama. Kodi zetu ndizo zilizojenga reli ile, na faida wameipata mama muuza nguo wa Majengo na mwanafunzi wa UDOM pamoja na mbunge. Ruzuku ya namna ile naitetea popote.

Na tusiambiwe hela hakuna. Juni 2022 bei ya mafuta ilipopaa, Serikali ilitoa Sh100 bilioni kuipunguzia makali. Sikatai kwamba ilisaidia, nilikuwa naishi hapahapa na nauli nilizilipa. Lakini fedha ile iliteketea kwenye mabomba ya moshi, na vita ya Ukraine ilipoendelea tukabaki tegemezi vilevile. Ethiopia walichoka kutafuta dola za mafuta, Januari 2024 wakazuia kabisa kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Sishauri tufike huko. Nasema tu kwamba fedha ya kulinda petroli tuliwahi kuipata kwa haraka sana.

Kuna funzo jingine tulilolipia tayari. Mitungi ya gesi ya kilo 6 imeuzwa kwa nusu bei kupitia REA, wakala wa nishati vijijini, na nia ni njema, asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Jirani yangu alichukua wake kwa furaha. Ulipoisha, bei ya kujaza ilikuwa ileile ya dukani. Leo mtungi uko kona ya jiko, juu yake kuna ndoo, na anapikia mkaa. Gesi ilipewa nafuu ya kununua bila nafuu ya kutumia. Pikipiki ya umeme ni kinyume chake: kuitumia ni rahisi tayari, kinachomshinda mtu ni kuingia. Hela kidogo ikiwekwa mlangoni itazaa miaka mingi bila kuongezwa.

Bunge la bajeti linakaa hapa hapa, Aprili mpaka Juni. Wabunge wanashuka kwenye magari yao mbele ya vijiwe vya bodaboda, wanawaona kila siku. Msamaha wa kodi ya magari ya umeme ukiletwa mezani, na utaletwa, waulize betri ya pikipiki na bajaji imepewa nini, bei ya kuchaji usiku ni ngapi, na ahadi hiyo ni ya miaka mingapi iliyoandikwa kwenye sheria. Msamaha wa mwaka mmoja mmoja hautamtoa bosi yeyote wa bodaboda kwenye Boxer, kwa sababu mkataba wake na dereva ni mrefu kuliko ahadi ya Serikali.

Hoja moja ya wapinzani naikubali, kwa shingo upande: barabara zetu zinakarabatiwa kwa tozo ya mafuta, na anayetumia umeme haichangii. Ni kweli. Norway nao walifika hapo, mwaka 2023 wakaanza kutoza VAT kwenye sehemu ya bei ya gari inayozidi kroni 500,000, wakianza na wenye magari ghali. Sisi tukifika huko tufuate mpangilio uleule: mwenye gari la geti la Area D aanze kulipa, na kijana wa mkataba awe wa mwisho kabisa kufuatwa.